Kamati ya Mfereji wa Chawia Yauokoa Uchaguzi

Jumatano, tarehe 12 Oktoba 1955, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Siku hiyo kamati yetu ya mfereji ilitangaza kwamba uchaguzi umeokolewa. Umeokolewa kwa kutofanywa.

"Uchaguzi wa kila mwaka unachakaa," alisema mwenyekiti, Bwana Silvanus. "Kitu cha thamani huwekwa."

"Kama suti ya harusi!" nikadakia. Watu wakacheka, nami nikapewa cheo papo hapo: Mkuu wa Makofi. Kwa mtu aliyeishia darasa la pili, hiyo si haba.

Wachache wakauliza, umewekwa mpaka lini? Kamati ikachunguza, ikakuta waulizaji wengi ni wajane na wagane. Ikaamuliwa: nyumba isiyo na mume na mke ni nusu nyumba. Nusu nyumba haina zamu ya maji, haina kura, haiitishi kikao, haitoi amri. Na jiwe la kuzibia mfereji litaondolewa kwa amri ya mwenyekiti peke yake; cheo cha makamu kikafutwa. Nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Jirani yangu Noah akaninong'oneza, "Fanuel, si mkeo Wakio tulimzika juzi juzi tu?"

"Nyamaza bwana, niko kazini."

Shambani nilikuwa na maharagwe ya mbegu aliyoiacha marehemu. Mbegu nyingine sina. Yalipoanza kunyauka nikamwendea mkubwa.

"Maji kidogo tu, Bwana Mwenyekiti."

"Oa, Baba Elsie. Sheria haijakukataza."

"Nioe leo, na maharagwe yanakufa kesho?"

"Basi oa haraka."

Wakubwa wana majibu, jamani.

Kumbe mama mkwe wa Silvanus naye ni mjane, na shamba lake limekauka vilevile. Mkewe, Tryphena, akafunga mizigo. "Umemnyima mama yangu maji? Jipikie!" Akarudi kwao.

Asubuhi Silvanus akaja mbio kuitisha kikao, nusu nyumba warudishiwe haki zao. Sote tukafurahi. Noah akainua kidole.

"Samahani, mzee. Nusu haiitishi kikao."

"Basi makamu aitishe!"

"Makamu ulimfuta."

Silvanus akanigeukia. "Fanuel, sema kitu!"

"Cheo changu ni makofi tu, mzee."

Sasa tumeketi kandokando ya mfereji, maharagwe ya Wakio yamegeuka manjano. Jiwe lenyewe hata mimi naliinua kwa mkono mmoja. Lakini kwa amri ya nani?