Kaisari wa Nyongeza

Twaha wa Temeke hakuwahi kuona kitu chakavu bila kumwona na mnunuzi wake. Mjomba wake alipokuwa akichimba kisima kule Boko akaibuka na sarafu kuukuu, yenye kichwa cha mtu aliyevaa taji la majani, na kovu la mkwaruzo penye sikio, Twaha aliichukua mbio kwa fundi wa kuyeyusha mabomba. Akatoka nayo pamoja na nakala zake tatu mpya, zinang'aa.

Soko huria lilikuwa limefunguliwa, kila mtu anauza chochote. Yeye akae anatazama? Isitoshe, baba yake Najma, binti aliyemposa, alishatamka: hakuna ndoa bila biashara ya halali. Twaha alitaka friji ya kuuzia barafu. Uhalali ungeanzia hapo.

Mama Auleria wa Mbezi Beach, mwalimu mstaafu wa historia, alikuwa na friji ya ziada.

"Shikamoo, mama. Sarafu za Warumi hizi. Duniani zimebaki nne, na zote ninazo mie. Haki ya Mungu, za kweli!"

"Marahaba. Hebu zipange hapa."

Mama akavaa miwani, akazigeuza moja moja. Twaha akajua samaki kameza ndoano.

"Nachukua hii inayong'aa, uchukue friji. Na nyongeza?"

Nyongeza! Hata muuza nyanya hamnyimi mtu. Twaha akamsukumia ile kuukuu kwa moyo mkunjufu.

Friji ilipokwisha pandishwa mkokoteni, mama akamfuata getini, akamrudishia ile inayong'aa.

"Mwanangu, Warumi waligonga kila sarafu kwa nyundo. Hazilingani hata siku moja: hii imepinda, ile imeliwa ukingoni. Kaisari huyu hakukaa sana madarakani, zake zimebaki chache mno, na nimezisoma tangu ujana wangu. Zako tatu zote zina kovu lilelile. Mama yao ni hii ya nyongeza, na hii ndiyo yenyewe."

"Mama, tuongee kidogo..."

"Tuongee nini, nawe umekwisha niapia ni za kweli?"

Twaha aliondoka roho inamuuma. Viapo vyote vya uongo alivyowahi kula havikumdhuru. Kimemponza kile chenye chembe ya ukweli.

Temeke, baba yake Najma aliizunguka friji, akaigonga ubavuni.

"Umeipata wapi?"

"Nimebadilishana na sarafu ya Warumi, baba. Ya kweli, haki ya Mungu!"

Mzee akamtazama kwa huzuni, kisha akamfungia mlango.