Ndiyo ya Barabara ya Msitu

Katika miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa ruksa, Fabiani alijinyima kitu kimoja tu, nacho ni kazi. Shirika lililomwajiri lilikuwa limekufa, likamwachia suti moja, kalamu mfukoni na ulimi. Suti ilikuwa imechakaa na kalamu haikuwa na wino. Ulimi ulikuwa mzima.

Asubuhi moja pale Kibiti alikuwa anakula chapati za mkopo kwa Mashavu mama ntilie, akamsikia Bibi Elinipendo, afisa misitu, akiongea na jirani yake wa mezani. Wakubwa walitaka maoni ya wananchi. Ile barabara ya magari inayokatiza msitu wa umma hadi kijiji cha ng'ambo, upande wa Mkongo, ibaki wazi au ifungwe, watu wapite kwa miguu na baiskeli? Bibi Elinipendo angekwenda kijijini siku ya Alhamisi aulize swali moja tu: "Barabara ibaki wazi kwa magari?" Watakalojibu wenyeji ndilo litakalokuwa.

Fabiani aliacha chapati nusu. Mtu anayeacha chapati ya mkopo, jueni ameona kubwa zaidi.

Akaenda moja kwa moja kwa Huseni, mwenye lori la magogo. Huseni alikuwa na tumbo la kushiba na jicho la njaa, na barabara ile ndiyo iliyomlisha. Fabiani alikaa, akapandisha suruali isivunjike mkunjo, akasema kwa huzuni kuwa msitu unafungwa.

"Nani kasema?" Huseni akauliza.

"Wananchi. Bado hawajasema, ila watasema. Mimi ninaweza kuwasemesha."

Akamweleza kuwa siku hizi maoni ni bidhaa, yana jumla na rejareja, na kwamba yeye huuza ya jumla. Alitaka sukari na khanga za kulainisha koo za wanakijiji, na kwa ajili yake mwenyewe alitaka ile pikipiki nyekundu iliyokuwa imelala uani kwa Huseni. Aliitaka mapema, maana mkono mtupu haulambwi. Huseni alikohoa, akanung'unika, akatoa.

Sasa niseme wazi lililokuwa moyoni mwa Fabiani, msije mkadhani aliupenda au kuuchukia msitu. Alitaka pikipiki. Tangu shirika life alikuwa akitembea kwa miguu, na kila aliyempita kwa baiskeli alimsalimia kwa huruma. Huruma hiyo ilimuuma kuliko njaa. Kazi ya Huseni ikiisha, angeelekea nayo Dar es Salaam, na magogo yabaki na wenyewe.

Jumatano aliingia kijijini akiwa juu ya pikipiki, vumbi nyuma, watoto nyuma ya vumbi. Aligawa sukari yote. Khanga aligawa nusu, nusu akazifunga chini ya kiti, kwani mjini nako kuna wanawake. Kisha akawakusanya watu uwanjani, akawafundisha. Kesho mama wa misitu atauliza swali. Msitafute maneno, msibishane. Jibuni wote kwa sauti moja: ndiyo.

"Ndiyo tu?" akauliza Bi Semeni, mjane mwenye jaruba la mpunga kando ya barabara.

"Ndiyo tu, mama yangu."

"Ni rahisi hiyo," akasema Bi Semeni, akaenda zake kuchemsha chai yenye sukari nyingi.

Fabiani hakujua kuwa masika iliyopita lori la Huseni lilikwama, dereva akalipitisha katikati ya jaruba lile, na mpunga wote wa Bi Semeni ukaenda na matairi. Hakuuliza. Muuza maoni hana haja ya kuyasikia.

Alhamisi Bibi Elinipendo alifika kwa baiskeli, jasho likimtiririka. Watu walikaa, Fabiani akasimama pembeni ameegemea pikipiki yake. Afisa alipofungua mdomo tu, Bi Semeni akanyanyuka, akaomba radhi.

"Mwanangu, nimesikia una swali la kuuliza kama barabara ibaki wazi. Sisi wakulima tunaelewa swali la mkato. Tuulize: ifungwe?"

Bibi Elinipendo akafikiri, akaona haidhuru. "Haya. Barabara ya msitu ifungwe kwa magari?"

"Ndiyo!" kijiji kizima kikaitika, hadi kuku wakatawanyika.

Fabiani alipiga hatua mbele, akasema watu hawa hawajaelewa. Bi Semeni akamtazama kwa upole wa mama.

"Jibu ulitufundisha, baba. Swali hukutufundisha."

Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani, na mashaka hayakuchelewa. Vijana walikwishalaza gogo kubwa mwanzo wa msitu. Bibi Elinipendo akatangaza kuwa tangu saa ile chombo chenye injini hakipiti, kwenda wala kurudi. Na hapakuwa na njia nyingine ya kurudi Kibiti.

"Lakini mimi niliingia nayo jana," Fabiani akalalamika.

"Jana ilikuwa ruksa," akasema afisa, akapanda baiskeli yake.

Fabiani alibaki ameshika usukani. Nilimuonea huruma kidogo, si nyingi. Bi Semeni ndiye aliyempa njia: kilichokatazwa ni injini, basi aitoe aiache, mwili wa pikipiki utapita kama baiskeli. Wakaleta spana. Kiti kilipofunguliwa, bunda la khanga likaanguka miguuni mwa wanawake.

"Hizi nazo zilikuwa zetu?" Bi Semeni akauliza.

Fabiani akatazama chini. "Ndiyo."

Alisukuma mifupa ile ya pikipiki msitu mzima, na kila aliyempita kwa baiskeli alimsalimia kwa huruma. Huseni alikuwa barazani kwake, amemsubiri kutwa nzima akitega sikio asikie mlio. Akaiona pikipiki ina tundu tumboni, akamwona na mwenyewe.

"Fabiani, wewe mwenye ulimi wote huo, wanakijiji wamekuuza?"

Neno likamtoka lenyewe.

"Ndiyo."