Kiboko Mwenye Mabawa Hakupanda Treni

Jumatatu, 9 Agosti 1976

Siku kubwa! Ndugu Fabiani, Afisa Utamaduni wa wilaya, kanisimamisha sokoni Kashaulili nikichagua dagaa. Kasema chuo kikuu huko Dar es Salaam kimeitisha kongamano la hadithi za maajabu. Mazimwi, wanyama wanaosema, miti inayotembea, mambo yote ya namna hiyo. Wasomi watakaa wiki nzima kuyajadili. Kila wilaya imeombwa mjumbe mmoja, mwenye hadithi ya kwao isiyoandikwa popote. Waranti ya treni ipo, nauli analipa Serikali. Malazi yapo, tena bwenini kwa wanachuo. Chakula bure!

Dagaa nimewasahau kwenye meza ya muuza nyanya.

Nina miaka ishirini na tisa na sijawahi kupita Tabora. Treni ikipiga honi hapa Mpanda mimi huacha ninachofanya, hata kama nimeshika chaki, na wanafunzi wangu wa elimu ya watu wazima hunisubiri mpaka mlio upotee. Miguu inaniwasha. Siwezi kukaa, siwezi kusimama. Mjumbe lazima niwe mimi, hakuna mwingine.

Nimekwisha kuwaaga majirani. Pengine nimeharakisha kidogo.

Jumanne, 10 Agosti

Sikulala vizuri, lakini hadithi nimeipata. Kiboko Mwenye Mabawa wa Mto Katuma. Anaruka, anasomea ualimu, anamwoa binti wa mfalme wa mawingu, anarudi na mvua ya mchele. Safi sana! Nimeitilia nyimbo tatu za kuitikia. Dada yangu Marta, ninayekaa kwake, kauliza kiboko mwenye uzito ule anatua wapi. Watu wa namna hii ndio wanaoirudisha nchi nyuma.

Jioni habari mbaya. Maduhu, mpima mizigo wa stesheni, naye anataka kwenda. Maduhu! Ana sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mbuga, na hadithi hana hata moja. Kazi yake ni kunitania mbele za watu. Huniita Mwalimu wa Vikongwe. Leo kauliza kama nauza godoro, maana kasikia nahama. Watu wakacheka. Jibu kali nilikuwa nalo, ila lilinijia nilipofika nyumbani.

Jumatano, 11 Agosti

Habari mbaya zaidi. Bibi Theopista, mama yake mama, kaingia kutoka kijijini Mamba, kwetu Upimbwe, kwa lori la mpunga. Mavuno yamekwisha, kaja kutusalimu, na gunia la mchele na bata wawili. Kanikumbatia, kaniita mume wangu, kauliza kwa sauti kama bado nakojoa kitandani. Maduhu, aliyekuwa anamshushia gunia, ilibidi aliweke chini ili acheke vizuri.

Nampenda sana bibi yangu. Lakini Upimbwe nzima hakuna anayemfikia kwa hadithi. Akisimulia yeye, mtu mzima mwenye ndevu haendi chooni peke yake. Ndugu Fabiani kapata habari, kaja mwenyewe mpaka kwa Marta kumwalika kwenye mchujo wa Jumamosi, ukumbini, saa moja jioni. Bibi kakubali. Nimekwisha!

Alhamisi, 12 Agosti

Sijakwisha!

Bibi hasimulii mchana. Kwetu hakuna anayesimulia hadithi jua likiwa juu, kwa sababu atakayefanya hivyo ataota mkia. Waulize wazee wa hapa, Mpimbwe, Mkonongo, Mbende, jibu ni hilo hilo. Mimi nimesoma, siamini. Basi mchujo ukifanywa mchana, wasimulizi wote wa kweli watafunga midomo na atabaki msomi mmoja tu!

Asubuhi na mapema nimeichukua karabai, taa pekee ya ukumbi. Nimemwambia Ndugu Fabiani inavuja mafuta, ni hatari kwa wananchi, naipeleka kwa fundi. Iko chini ya kitanda changu. Kakuna kichwa, kasema basi tufanye saa nne asubuhi. Nimemsifu kwa wazo hilo.

Wakati wa chakula Bibi kanitolea paja la bata, kasema mume wake amekonda. Roho ilinisuta. Paja nimelila.

Ijumaa, 13 Agosti

Nimezunguka kutwa. Nimefanya mazoezi njia ya Kasokola, mpaka mama mmoja mwenye kuni kichwani kanihurumia na kuniuliza ndugu zangu wako wapi. Nimejaribu suruali yangu ya bugaluu, ile yenye miguu mipana, nikakumbuka Ndugu Fabiani anavyozichukia. Nimeazima suti ya Kaunda ya shemeji. Mikono inaishia karibu na viwiko. Nikiikunja itaonekana ni mtindo.

Bibi kaambiwa kuwa mchujo umehamia asubuhi. Kafunga khanga yake upya. Halafu kasema atakuja hivyo hivyo, akae tu, amwone huyo mwenye moyo wa kusimulia mchana. Kaniangalia mimi. Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji, kazi ambayo sijaigusa tangu Pasaka.

Jumamosi, 14 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Ndugu Fabiani kafunga tai. Wasimulizi wakaitwa mmoja mmoja. Kila mzee alisimama, akasalimu, akasema ana afya njema, akakaa. Bibi alikuwa mstari wa mbele, naye hivyo hivyo. Moyo wangu ukawa unaruka kwa furaha. Maduhu akasema yeye alikuja kupanga viti tu. Nikabaki mimi!

Nikapanda jukwaani. Nikapaza sauti: "Hadithi, hadithi!"

Nikangoja.

Nikarudia. Hakuna aliyesema hadithi njoo. Hata mmoja! Bibi alikuwa amejifunika khanga kichwani. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ninalolijua tangu nikiwa mtoto wa kutambaa: si msimulizi peke yake anayeota mkia. Hata anayeitikia anaota! Siku zote hizi nilipiga hesabu ya mikia ya wenzangu wanaosimulia, nikasahau ya wanaosikiliza.

Nikasema nitaendelea tu. Nikaanza wimbo wa kwanza. Unataka watu waitikie "ruka, kiboko, ruka". Nikaimba, nikangoja, nikajiitikia mwenyewe kwa sauti nyembamba. Kina mama wakaanza kufunga watoto mgongoni na kutoka. Wazee wakafuata, wameziba masikio. Maduhu aliegemeza mgongo ukutani na hakubanduka hapo. Ndugu Fabiani, mtu mwenye stashahada, alikalia mikono yake miwili. Nikamwomba aitikie yeye, kwa niaba ya Serikali. Akasema kwa upole kuwa yeye kwao ni hapo Kasokola tu.

Kiboko hakuwahi hata kuota mabawa. Ukumbi ulibaki viti na mimi.

Nimejikagua nyuma mara nilipofika nyumbani. Hakuna kitu. Nitajikagua tena kesho.

Jumapili, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Kanisa limejaa, na kila aliyenisalimu alinitazama kwanza nyuma. Baada ya misa Ndugu Fabiani kasema mchujo utarudiwa leo leo, jua likizama, uani kwa Marta. Nikamkumbusha habari ya karabai. Kasema watawasha moto wa kuni, hadithi hazijawahi kudai karabai.

Hatari! Bibi atasimulia, na nani atamsikiliza kiboko wangu baada ya hapo? Nikafikiri haraka. Nikaugua. Malaria, ya ghafla, kali. Nikajitupa kitandani na mablanketi mawili. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mgonjwa yumo ndani, watu hawawezi kupiga kelele uani, mchujo utaahirishwa mpaka nipate mpango mwingine.

Hawakuahirisha. Giza lilipoingia Marta kaja mlangoni, kasema Bibi ananiita nje. Nikakoroma. Kaja tena, kasema Bibi anauliza kama siwezi hata kukaa tu karibu na moto. Nikatetemesha meno. Kaenda zake.

Halafu nikasikia uani Bibi kaanza, na sauti moja nene ikamjibu hadithi njoo mpaka mabati yakalia. Maduhu. Watu walipiga vigelegele. Nilitaka sana kusikia yule zimwi alifanya nini na chungu, lakini mgonjwa wa malaria hatoki kuuliza. Nikafunika kichwa na mto.

Jumatatu, 16 Agosti

Bibi ndiye mjumbe. Hilo nilishalitarajia.

Hili sikulitarajia. Bibi kamwambia Ndugu Fabiani hawezi kwenda peke yake. Hadithi zake zina nyimbo, na kila anaposimama lazima awepo wa kumwitikia, anayejua kupokea. Hao wasomi wa Dar es Salaam watajuaje? Ndugu Fabiani kaona ni kweli, na ofisi ya wilaya imeandika waranti ya pili. Ya mwitikiaji!

Nikapona papo hapo. Nikatupa blanketi, nikaenda jikoni kwa Bibi, nikamwambia mimi nipo tayari.

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha. Kasema nilipokuwa mdogo kule Mamba, kabla sijaota tena meno ya mbele, nilikuwa namwitikia kuliko wajukuu wake wote. Kasema alipokubali kuingia kwenye mchujo, aliyekuwa anamfikiria ni mimi, maana kaambiwa na Marta jinsi nisivyotulia treni ikilia. Alitaka twende wote. Kisha kasema, "Jana nimekuita, mume wangu. Mara mbili nimekuita."

Nikamwambia malaria. Kaniwekea mkono kwenye paji la uso, kauondoa, kaendelea kupepeta.

Maduhu ndiye anayekwenda. Hakuomba hata. Alikuwa anachochea moto.

Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma: imeniuma. Imeniuma sana. Ningebebeshwa mzigo wake, ningekaa naye dirishani, ningemwonyesha Tabora, halafu ningeacha kumwonyesha kwa kuwa hata mimi nisingejua tuko wapi. Nimelia kidogo nyuma ya banda la bata.

Jumatano, 18 Agosti

Wameondoka leo. Nimebeba mzigo wa Bibi mpaka stesheni. Nusu ya Kashaulili ilikuwepo. Majirani niliowaaga wiki iliyopita waliniuliza mbona wanaopanda ni wengine. Nikawaambia wilaya imenizuia, kuna kazi nyeti. Maduhu alivaa suti ya Kaunda mpya, mikono inafika kwenye viganja. Kanishika mkono, kasema atamtunza Bibi kama mama yake, na nilimwamini, jambo lililonikera zaidi. Bibi kanipa bata aliyebaki nimwangalie. Kasema, "Nyie mkae vizuri na Marta. Na wewe kaa utulie, mjukuu wangu." Hakusema mume wangu. Treni ikapiga honi, na kwa mara ya kwanza nilitamani isilie.

Nimerudi nyumbani, nimekaa, nimesimama, nimekaa.

Baada ya chai akili imerudi. Jumamosi kuna treni nyingine na kongamano halijaanza! Kinachotakiwa ni sababu ya kunipeleka Dar es Salaam, na sababu ninayo. Malaria. Safari hii si ile ya Jumapili, ile ilikuwa ndogo. Hii itakuwa ya aina isiyotibika hapa, itakayomfanya mganga ashike kichwa na kuandika nipelekwe haraka hospitali kubwa ya pwani. Kutoka hospitali mpaka chuoni sidhani kama ni mbali.

Nimeanza mazoezi ya kutetemeka. Marta kapita mlangoni, kauliza kama nasikia baridi. Nimemwambia bado, mpaka Ijumaa.