Mchicha wa Kubipu

Jumatatu, 3 Machi

Hukumu imetoka leo asubuhi, kabla sijamaliza chai. Mke wangu amesema kile kiwanja cha nyuma ya jiko nimekikalia tangu mwaka jana, na hajaona hata jani moja likiingia kwenye sufuria yake. Kuku wake wanalala chini ya ngazi kama wakimbizi. Anataka pale pajengwe banda. Nikamwambia mchicha umeshaota. Akasema karoti nazo zilishaota, na nyanya, na kile kitu ambacho hatukukijua. Ni kweli, lakini si maneno ya kumwambia mtu anayekwenda kazini.

Tumepatana hivi. Jumapili ya tarehe 23 dada yake mkubwa anakuja kula chakula cha mchana. Siku hiyo likiwepo mezani bakuli moja la mboga iliyotoka kiwanjani kwangu, kiwanja ni changu maisha. Lisipokuwepo, ni cha kuku. Nimekubali kiungwana.

Ugonjwa wa mchicha wangu naujua. Ni kiu ya mchana, wakati mimi niko stoo nagawa karatasi na kalamu za ofisi, na mke wangu yuko kwenye cherehani yake mjini. Mke anashauri niumwagilie asubuhi kabla ya kutoka. Kila mtu ana taaluma yake.

Jumanne, 4 Machi

Jirani amechungulia juu ya ukuta na kuniita Injinia. Yeye ni dereva wa lori aliyestaafu, na jina hilo alinipa tangu mtego wangu wa panya uliponibana kidole. Amesema kila jioni anamwagilia bustani yake kwa kopo lenye matundu, kwa hiyo haoni taabu kupitia na yangu. Kopo! Zama hizi! Nimemshukuru, nikakataa. Ukimruhusu mtu akunyweshee mchicha, kesho atataka kukuuliza habari zake.

Wazo limenijia papo hapo, nikiwa nakataa. Nina simu ya zamani ya vitufe. Kioo kimepasuka, lakini mtetemo wake unatikisa meza nzima. Nimeifunga kamba na kuilaza juu ya kigae kilichoinama, kilichopakwa mafuta ya kupikia. Ikipigiwa, itatetemeka, itateleza, itaanguka. Kamba itang'oa kizibo cha ndoo, na maji yataingia kwenye mpira niliotoboa matundu kwa msumari wa moto. Hakuna wa kupokea, kwa hiyo salio haliguswi. Nitaibipu bustani!

Jumatano, 5 Machi

Ushindi. Mchana nimebipu kutoka stoo. Jioni nimekuta ndoo tupu, udongo umelowa, mchicha umesimama wima. Nimemwita mke aje aone. Amekuja, ameona, ameuliza kama mafuta yaliyopungua kwenye chupa yake ndiyo yale ya kwenye kigae.

Jirani naye ameona. Amesema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimemweleza kwa upole kwamba uzuri wa mtambo wangu ni kwamba hakuna anayeinama. Akaongeza sauti ya redio yake.

Ijumaa, 7 Machi

Hujuma! Kampuni ya simu imeitumia bustani yangu ujumbe wa kuipongeza kwa kuchaguliwa katika bahati nasibu. Kisha ujumbe wa kuikumbusha. Kisha wa kuiambia isikose nafasi hii adhimu. Yote alfajiri. Ndoo ilimwagika jua halijachomoza, na mchana nikakaa kuibipu simu iliyokuwa inaning'inia hewani.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Mtu wa kawaida angesema tatizo ni simu. Tatizo ni ndoo. Ndoo hubeba mgao mmoja tu. Tangi la maji la nyumba limejaa mpaka juu, na limekaa palepale halina kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeunga mpira kwenye koki ya tangi. Koki ina mkono wa kushusha na kupandisha. Simu ya kwanza ikianguka, inaangusha tofali, tofali linashusha mkono, maji yanatoka. Simu ya pili inaangusha tofali jingine upande wa pili, linapandisha mkono, maji yanafunga. Mpira nao unamwaga moja kwa moja kwenye mfereji wa katikati ya matuta. Matundu ya msumari yalikuwa yanachelewesha kazi.

Simu ya pili ni ya mke wangu, ya zamani, iliyokuwa imelala kabatini. Sikumwomba. Mtu haombi kitu kilicholala.

Nimejaribu mara moja. Imefungua, imefunga. Nilikaribia kulia kwa furaha. Nilisimama pale nikaliona bakuli limejaa, shemeji anaongeza, mke ameinamisha macho.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeandika haya nikiwa na matope mpaka magotini.

Nilibipu simu ya kwanza mchana, mwanzoni mwa kikao cha idara. Baada ya dakika chache nikabipu ya pili. Mwanamke mmoja mwenye sauti nzuri akaniambia mteja ninayempigia hapatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Hapatikani. Nikapiga chini ya meza, nikapiga mlangoni, nikapiga kwenye ngazi. Mhasibu aliyekaa karibu yangu aliniuliza kwa kunong'ona kama ameondoka na vitu vyake. Nilimjibu kwamba kwa sasa anaondoka na maji. Akanishika bega.

Habari zikamfikia meneja. Akanisimamisha katikati ya kikao, akasema kazi haikimbii, niende nyumbani nikazungumze naye taratibu, hata yeye yalimkuta. Sikumsahihisha. Nilikimbia.

Nilikuta jirani amesharuka ukuta na kufunga koki kwa mkono. Miaka yake yote ile, ameruka! Simu ya pili ilikuwa chini ya maji, kwa sababu niliiweka palepale maji yanapopita ili kamba isiwe ndefu. Tangi lilikuwa tupu. Kiwanja changu kilikuwa korongo. Udongo wote laini, na mchicha wote ndani yake, ulikuwa umepita chini ya ukuta kwenye lile tundu la kutolea maji ya mvua na kujimwaga kwa jirani. Yeye alisema maji yakimwagika hayazoleki, kisha akaomba radhi kwa kusema hivyo.

Mke amerudi jioni na kukuta nyumba haina tone la maji. Aliuliza swali moja tu, kwamba simu yake ilikwenda kufanya nini matopeni. Nilianza na sayansi yake. Akaniacha katikati, akaenda kukinga maji kwa jirani.

Jumapili, 16 Machi

Nimepanda juu ya ndoo kuchungulia. Sikuamini. Mchicha wangu uko hai! Jirani aliuokota kwenye matope na kuupanda upya kwenye mstari, kando ya ukuta. Umeshashika mizizi, na majani yake yameanza kupanuka. Naujua mmojammoja, hasa ule uliopinda shingo.

Kwangu nimebaki na kokoto. Nimekaa juu ya kokoto hizo muda mrefu. Nimesikitika, nakiri. Nilitaka bakuli moja tu.

Jumapili, 23 Machi

Shemeji amefika mapema, amekaa, amesifu mapazia. Meza ilikuwa na kila kitu isipokuwa mboga. Mke alitazama nyuma ya jiko, kisha kuku, kisha mimi.

Hapo jirani akabisha hodi na fungu kubwa la mchicha, bado unadondosha maji. Alisema amesikia kuna mgeni. Kwenye fungu niliuona ule uliopinda shingo.

Ulipikwa. Ukawekwa mezani, bakuli zima, na mimi nikasimama nikadai kiwanja changu. Nilisema mbegu ni yangu, ulichipua kwenye tuta langu, ulihama kwa nguvu ya maji yangu, na wahenga hawakukosea: kitanda hakizai haramu. Jirani, aliyekuwa amekaribishwa kula, alisema kwa kweli hana ubishi. Mke akasema tumwachie dada yake aamue.

Shemeji alitafuna kwanza. Kisha akasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Akaongeza kwamba mchicha ni mtamu sana, na kuku wahamie leo.

Niliula na mimi. Ulikuwa mtamu kweli, na hilo liliniuma zaidi.

Jumatatu, 24 Machi

Kuku wamehamia. Jogoo amewika juu ya korongo langu tangu alfajiri, kwa majivuno.

Jirani amekuja bila kuniita Injinia. Amesema kwake kuna kipande cha kando ya ukuta hakitumii, udongo wake mzuri, tena mwingi ni wangu. Nikilime, nivune, sihitaji kumlipa chochote. Ameniomba jambo moja tu: nimwagilie kwa mkono. Nimeguswa. Nimemshika mkono wake kwa mikono yangu yote miwili na kumwahidi.

Ahadi ni ahadi. Lakini kwenda na kurudi upande wa pili wa ukuta kila siku ni kupoteza nguvu za binadamu bure. Feni ya dari ya sebuleni ina mota yenye afya kabisa, ya kutosha kusukuma maji juu ya ukuta, na siku hizi joto limepungua. Swichi nitaiwasha kwa mkono. Mke yuko mjini mpaka jioni, kazini nimeomba ruhusa, bisibisi ninayo, na nimeshapanda juu ya meza.