Pete Ndani ya Andazi

Alhamisi, 8 Oktoba 1998

Jana nilimpeleka Farida kwenye mazingaombwe. Niandike vizuri: Farida alikuwa anakwenda, na mimi nikaenda. Lakini tulikaa benchi moja. Farida ni mjane mwenye heshima, anauza chai na maandazi pale mtaa wa Chuno, hapa Mtwara, na tangu amalize eda wanaume wa Chuno wameipenda chai ghafla. Kwa hiyo benchi moja si jambo dogo. Dosari ni kwamba upande wake wa pili alikaa Idrisa, fundi cherehani. Huyu tunagawana baraza kule Chikongola, yeye na cherehani yake, mimi na redio zangu mbovu. Sikumwalika. Lakini ukumbi ni wa watu wote, ndiyo ubaya wake.

Mwenye mazingaombwe ni mama mnene kutoka Masasi, anaitwa Magreth. Anavaa miwani na kanga kama mtu anayekwenda sokoni. Onyesho huanza saa kumi alasiri, maana umeme wa mji huu jioni hauaminiki. Akaomba pete. Farida akavua yake ya fedha, akampa. Magreth akaifunga kwenye leso, akaikung'uta leso, pete haimo. Akamwambia mzee mmoja achague andazi lolote kwenye beseni. Magreth akalimega mwenyewe. Pete imo ndani.

Nje watu hawakuondoka. Kila mmoja alikuwa na lake. Yule mzee aliyechagua andazi, mtu wa Ziwani, alisema ukumbi ulifukizwa moshi wa maganda ya korosho, ndiyo maana tukaona visivyokuwepo. Mwalimu mmoja mstaafu alisema siri ni pangaboi, linazungusha akili za watu. Pangaboi lilikuwa limesimama, umeme ulikatika tangu saa nane, lakini hakuna aliyetaka kumbishia mwalimu. Mama mmoja akaapa kwamba ndani ya beseni anakaa jini mdogo, mpole, anayependa vitu vitamu.

Farida akanigeukia. "Fundi Thabiti, wewe ndiye mtu wa mitambo. Amefanyaje?"

Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe fupi. Nikasema, "Sumaku," kwa sauti ya mtu aliyeiona. Nikaahidi kumwonyesha.

Idrisa, maskini, alisema yeye hajui, ila angependa kuiona tena.

Ijumaa, 9 Oktoba

Baada ya swala Farida alipita barazani kwangu. Nilikuwa tayari. Nimeng'oa sumaku ya spika kubwa kuliko zote nilizonazo. Nikaishika chini ya meza, juu nikaweka andazi na pete yake. Nikasogeza sumaku kushoto. Pete imetulia. Kulia. Pete imetulia. Kilichosogea ni bisibisi zangu, zote kwa pamoja, na kopo la misumari likazifuata.

Farida akasema kwa upole kwamba fedha hainasi kwenye sumaku. Nikamwambia hilo nalijua, nilikuwa nachunguza kitu kingine. Akauliza kitu gani. Nikasema ni mapema mno.

Alipoondoka akaja Bi Hamisa kuchukua kaseti ya harusi ya binti yake, iliyokuwa imekatika na mimi nikaiunga. Niliiweka pale pale jirani na sumaku. Harusi imefutika. Vimebaki vigelegele kidogo mwanzoni, halafu mlio kama wa mvua. Nilimwambia ni hali ya hewa ya pwani. Akanitazama kwa muda mrefu, akaenda zake na mvua yake.

Idrisa alisikia yote. Akaendelea kushona, pini zimejaa mdomoni. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kucheka. Nadhani ndiyo maana anaziweka.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nimegundua wakati nasugua meno. Panya. Panya aliyefundishwa, anakaa chini ya meza. Anapokea pete, anapanda kwenye beseni kupitia tundu, anatoboa andazi kwa chini na kuipachika. Kila kitu kinakaa mahali pake. Nilishangaa nimechelewa kiasi hiki.

Dawa ya panya ni paka. Niliazima paka kwa Idrisa, nikamwambia panya wananitafunia nyaya. Akanipa bila maswali, akasema tu kwamba anaitwa Bwana Afya na hapendi kufunikwa uso.

Nikaingia naye ukumbini ndani ya kikapu. Farida akauliza kikapu cha nini. Nikasema atajionea. Pete ya mama mmoja wa benchi la mbele ilipopotea kwenye leso, nikafungua kikapu. Bwana Afya akatembea hadi jukwaani kama mtu aliyealikwa. Akainusa meza. Akapita chini yake. Akatokea upande wa pili, hana panya wala dalili ya panya. Kisha akarukia juu ya meza, akajikunja karibu na beseni, akalala.

Magreth hakubabaika. Akampapasa paka, akasema mgeni tuliyekuwa tunamsubiri amefika. Akamega andazi. Pete imo. Watu walipiga makofi hadi wengine wakasimama juu ya mabenchi.

Nje habari zimebadilika. Moshi wa korosho umekwisha, pangaboi limekwisha, hata jini amestaafu. Sasa pete inapita ndani ya paka. Na mtu aliyemleta paka ni msaidizi wa Magreth, alipandikizwa kwenye benchi kwa makusudi. Mzee wa Ziwani alinisalimia kwa mikono miwili. Farida akauliza kwa nini sikumwambia kwamba ninafanya kazi na yule mama. Nikakana. Mwalimu mstaafu akasema msaidizi yeyote lazima akane.

Idrisa aliuliza kama Bwana Afya amekula.

Jumapili, 11 Oktoba

Mchana nilikwenda nyumba ya wageni alikofikia Magreth, begani mfuko wa vifaa, nikijifanya natafuta redio za kutengeneza. Kumbe anayo, tena mbovu. Waya tu ulikuwa umechomoka. Ilipoanza kuimba akauliza anilipe nini. Nikamwomba ukweli wa andazi.

Akacheka, akavua miwani. "Baba, hamna kitu pale. Pete haiendi popote. Ninayo kiganjani tangu mwanzo. Wakati namega, naisukuma kwa chini na kidole gumba. Ninyi mnatazama juu, mnapotarajia itokee. Basi."

Akanionyesha kwa andazi la chai yake. Akarudia polepole. Niliiona pete kabisa ikiingia, chini ya kidole chake.

Nimerudi nyumbani nimekasirika. Mtu mzima hatoki Masasi mpaka Mtwara na kidole gumba peke yake. Ananificha. Na mtu anayekulazimisha utazame mkono anataka usitazame nini? Andazi. Niliwahi kumuuliza, akinisindikiza mlangoni, maandazi anayapata wapi. Akasema Chuno, kwa mjane mmoja anayejua kukanda.

Nimekaa kitandani. Pete ya Farida. Maandazi ya Farida. Na ni Farida aliyeniuliza amefanyaje, huku akinitazama machoni. Mwanamke hodari. Nampenda zaidi, lakini lazima akiri.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mpango ulikuwa kuzungumza naye faragha, kwa busara. Nilifika Chuno asubuhi, wateja wamejaa, sinia la maandazi liko mbele yangu linatoa mvuke. Nikaamua niangalie moja tu. Nikamega. Tupu. Nikamega jingine. Tupu. Baada ya hapo sikumbuki vizuri, ila nakumbuka nilikuwa natumia mikono yote miwili na watu wameacha kunywa chai.

"Fundi," Farida akasema, "unatafuta nini?"

"Usiogope. Mimi sikulaumu. Najua umeshirikiana na yule mama. Nionyeshe tu unapoipitishia."

Hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga. Alijifuta unga mikononi, akaniambia taratibu, "Pete ile ni ya marehemu mama yangu. Sina kitu chake kingine. Siku ile ilipopotea kwenye leso nilijua nimeipoteza. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka pale kwenye benchi, ubavuni mwako. Hukuuona?"

Sikuuona. Nilikuwa natazama chini ya meza.

"Idrisa aliuona," akasema. "Akaniambia subiri, yule mama atairudisha."

Idrisa mwenyewe alikuwa pale, pembeni, na kikombe chake. Sikumwona naye. Alivuta lile sinia la vipande, akachukua kimoja, akala. Jirani yake akachukua kingine. Wateja wote wakala vipande vyangu, hadi sinia likawa jeupe, na Farida akawamiminia chai.

Hapo ndipo mtu husema samahani. Mimi nilisema kwamba maandazi yote yamekaguliwa na hayana tatizo.

Jumatano, 14 Oktoba

Onyesho la mwisho. Sikwenda. Nilikuwa tu na shughuli kadhaa karibu na dirisha la ukumbi.

Kutoka dirishani jukwaa halionekani. Mabenchi ndiyo yanaonekana. Farida alikuwa amekaa na Idrisa, na nikaona anavua pete tena, anaitoa. Nilishangaa anathubutu. Nadhani ilipopotea alimshika Idrisa ukingo wa shati, maana niliona shati limevutika. Hakutetemeka. Ilipotokea akacheka kichwa kimerudi nyuma, na Idrisa akawa anamtazama yeye, wala hakutazama jukwaani hata kidogo. Mtu amelipa kiingilio na hatazami.

Nikasikia kitu kifuani, kama fyuzi inapokatika. Nikaenda nyumbani bila kuunguza kitu kingine.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nilikwenda kuomba radhi. Niliomba vizuri, bila kutaja ukaguzi. Farida alinisikiliza hadi mwisho, akanipa chai, akasema yamekwisha. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wake wa karibu na hataki nisikie barabarani, akaniambia jana Idrisa alileta mshenga, na wazee wa Farida wamekubali. Chai ilikuwa ya moto. Niliinywa yote kwa mkupuo mmoja, ili machozi yawe na sababu.

Nikarudi barazani. Idrisa alikuwa anashona kola. Nikasimama mbele yake mpaka akatoa pini mdomoni.

"Umefanyaje?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Farida."

Akafikiri. Ni mtu asiyejua kudanganya, nalikubali hilo. "Nilimwambia nampenda, fundi. Nikamwambia nitamtunza. Akasema niwaone wazee." Akaona bado nimesimama. "Basi."

Akarudisha pini.

Basi. Ananiona mtoto. Mwanamke kama Farida, Chuno nzima inanywa chai mpaka inalala njaa kwa ajili yake, halafu apatikane kwa maneno ambayo hata mimi ninayo? Haiwezekani. Lazima kuna kitu.

Nimefikiri tangu adhuhuri na nimekipata. Utepe wa kupimia. Mwezi uliopita alimpima Farida gauni. Alimzungushia utepe mabegani, kiunoni, hadi kwenye kifundo cha mkono. Mtu akizungushwa vile na utepe uliotayarishwa, moyo unafungwa bila mwenyewe kujua. Na utepe wenyewe haachi hata mtu aushike, anauvaa shingoni mchana kutwa kama daktari. Yote yamo wazi, sijui watu wanatazama wapi.

Kesho asubuhi nakwenda anipime kanzu ya kuvaa kwenye harusi yao. Utepe nitauchunguza kwa karibu. Na ili nisifungwe na mimi, nitabana pumzi mpaka amalize kupima.