Shemeji Kisogoni mwa Kipaza Sauti

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimepata! Santuri yangu mwenyewe! Miaka yote hii hapa Harlem nimepulizia klarineti na saksafoni bendi za watu, jina langu likiandikwa nyuma ya jalada kwa herufi za sisimizi. Sasa ni mbele: Alonzo Tibbs na Bendi Yake. Tunarekodi Ijumaa. Mke wangu Verlene amerukaruka kwa furaha, kisha akauliza Hobart atapiga nyimbo zipi. Hobart ni kaka yake. Anapiga saksafoni. Ubaya wake ni mmoja tu: anajua kuipiga.

Jumanne, 5 Machi
Nimemweleza Verlene kwa upole kwamba bendi imejaa. Chakula cha jioni: mkate wa mahindi, mkavu. Kuku nilimsikia akikaangwa, ila alikwenda kwa Hobart. Nimesalimu amri. Hobart kaja kushukuru, kala na huo mkate wangu, kisha eti, shemeji usihofu, nitakubeba. Kunibeba! Mimi gunia?

Alhamisi, 7 Machi
Akili ni nywele. Mimi nina upara, lakini leo zimeota! Studio ina kipaza sauti kimoja, dude kubwa la zamani, linaning'inia katikati na bendi inalizunguka. Basi mimi nitasimama mbele, puani kabisa. Hobart nyuma yake, kisogoni. Nani aliwahi kuongea na kisogo akasikilizwa? Nimewaambia wenzangu ni kwa ajili ya mwangwi. Mpiga ngoma kauliza mwangwi gani. Nimemwambia aangalie ngoma zake.

Ijumaa, 8 Machi
Mambo safi! Hobart kaniuliza tu kama nina uhakika asimame pale. Nikamuuliza mwenye bendi ni nani. Katabasamu, maskini. Fundi mitambo naye alifungua mdomo aseme jambo, nikamwambia arekodi. Nimepuliza mpaka macho yakataka kutoka. Ilipofika zamu ya Hobart, nilipumzika, nikakohoa kwa raha zangu. Kapiga vizuri mpaka nikajisahau nikaropoka, "Lo! Mshenzi huyu anajua!" Si kitu. Nani atasikia?

Jumamosi, 11 Mei
Wote wamesikia.

Santuri imetoka. Tumeisikiliza nyumbani, Hobart akiwa kwenye kiti changu. Mimi, kwa kukaribia mno, nasikika nikihema, na vitufe vya klarineti vinagongana kama sufuria. Kisha anaingia Hobart: laini, mtamu, mzima mzima. Kumbe dude lile lina masikio mbele na nyuma! Kiziwi ni ubavuni tu. Kila fundi anajua. Hobart alijua! Halafu sauti yangu, wazi kabisa: lo, mshenzi huyu anajua.

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini gazeti limeandika kwamba Bwana Tibbs ni kiongozi mnyenyekevu ajabu, kampa shemeji yake mahali pazuri na anasikika akimshangilia. Verlene kalia, kanibusu, kanikaangia kuku mzima. Sikukanusha. Nimekula mapaja yote mawili.

Wanataka santuri ya pili! Jina la Hobart mbele, langu nalo lipo, ukigeuza jalada. Haidhuru. Sasa nimeshajua: safari hii Hobart anasimama ubavuni. Eti studio imenunua kipaza sauti cha kisasa, cha aina nyingine. Kipaza sauti ni kipaza sauti! Nimemwonyesha Hobart mahali pake. Kauliza, shemeji, una uhakika? Nikamuuliza mwenye bendi ni nani.