Dada Yako Amelilaza Friji Chali

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa,

Pokea salamu zangu. Sisi hatujambo, ila sina pa kukaa. Nakuandikia wewe kama kaka mkubwa wa mke wangu, umkanye dada yako kabla nyumba haijatuhama.

Tangu ajifunze useremala hatupi kitu, na kinachotupwa na wenzake anakiokota. Malalamiko yangu ni haya:

1. Friji letu lililokufa amelilaza chali, akang'oa mlango, akatia godoro: ndilo kochi. Wageni huuliza kwanza kama limezimwa.

2. Mlango wa chumba chetu sasa ni meza ya kulia. Kitasa amekiacha, eti pambo. Tunakula kwa heshima, lakini tunalala kama tuko sokoni.

3. Jumamosi nilipanda juu ya paa kuziba bati linalovuja. Nilipotaka kushuka, ngazi haipo. Iko sebuleni, imeshakatwa, inaitwa rafu ya vitabu. Jirani aliniokoa kwa ngazi yake, naye akaambiwa ina mbao nzuri. Hajaja tena.

4. Hili ndilo linaloniuma. Tangu nistaafu ukarani, ananitazama vile anavyotazama mbao za jalalani: kichwa upande. Nikamuuliza kama nami nimeingia kwenye takataka. Akasema, "Tulia, mume wangu. Kilichochoka hakijaisha." Shemeji, usiku ule sikupata usingizi.

Kwa hiyo naomba uje uketi naye, ukipata pa kuketi, achague moja: mimi au misumari.

Nisalimie mama mkwe na wanao wote. Atakayeniulizia, mwambie bado mzima, sijapigwa randa.

Ni mimi shemeji yako, mwenye subira inayoelekea ukingoni,

Karani Mstaafu

Baada ya sahihi: Barua hii imechelewa. Niliingia karakanani kwake kutafuta gundi ya bahasha, akaniomba nimshikie ncha ya ubao dakika moja. Leo ni siku ya nne. Nimeunda kigoda kwa droo ya dawati bovu. Mguu mmoja ni mfupi, lakini dada yako amekikalia asubuhi nzima akimenya viazi. Basi usije kumkanya. Na kama safari umeshapanga, beba lile kabati lako la jikoni lililooza: yeye anataka milango, mimi nataka miguu.